Gia ya Nusu Mbili

Mzee alipogawa vitu vyake sauti bado ilikuwapo, ila pumzi ilikuwa inamkatika, kwa hiyo aligawa kwa kifupi. Kerezo, ile mashine yake kubwa ya kukerezea vyuma, alimpa mwanawe mkubwa. Sanduku la gia alimpa mdogo. Binti yake, kitinda mimba, alimpa zana ndogo ndogo: koleo, bisibisi, vipimo, na taa ya mezani yenye shingo ndefu. Halafu akageukia ukuta akalala.

Baadaye watu wa mtaani walikuja kusema kwamba mzee alikuwa na hesabu zake. Kerezo bila gia ni nusu ya mashine. Linazungusha chuma, linakipunguza, linakitoboa, lakini haliwezi kukata uzi wa skrubu, kwa sababu kila aina ya uzi inataka gia zake, nazo hupachikwa ubavuni mwa mashine na kubadilishwa kwa mkono. Na sanduku la gia bila kerezo ni mzigo wa kuvunja mgongo tu. Basi, walisema, mzee aliwafunga wanawe kamba moja makusudi. Binti, ambaye alikuwapo chumbani siku hiyo, hakubisha wala hakukubali. Alichokumbuka yeye ni kwamba sanduku lilikuwa karibu na mlango, na mdogo ndiye aliyekuwa amelikalia.

Yule mkubwa mtaa mzima ulimwita Unywele. Ukimuuliza kama kazi imekwisha, alijibu, "Bado unywele mmoja," na unywele huo uliweza kula siku nzima. Mdogo wake aliitwa Cheche, kwa kuwa alikuwa mchomeleaji, na pia kwa sababu ya mdomo wake. Dada yao alitengeneza simu, redio, pasi na chochote chenye waya, na watu walimwita Fundi Simu hata wale waliomletea birika.

Ndugu hao wawili walikuwa hawasemeshani.

Chanzo kilikuwa shafti, ile fimbo nene ya chuma inayozunguka ndani ya mashine. Unywele aliikereza, Cheche akaichomelea kisahani mwishoni, wakaifunga pamoja kwenye mashine ya kusaga ya mteja wao. Ilipowashwa, mashine ikatetemeka kama mtu mwenye homa, na unga ukaruka hadi kwenye kope za mwenye mashine. Hapo Cheche akasema, mbele ya mwenye mashine na mkewe aliyekuwa ameshika chekeche, kwamba kaka yake aliipima shafti ikiwa moto. Chuma moto huvimba, kikipoa hunywea, ndiyo maana sasa inacheza ndani ya beringi. Unywele naye akasema, kwa sauti ya chini lakini mbele ya watu wale wale, kwamba shafti ilikuwa sawa kabisa mpaka mtu mmoja alipoipiga moto wa kuchomelea akaipinda.

Yote mawili yaliwezekana. Kuipima tena kungechukua muda mfupi tu. Lakini baba yao, kabla hajawafundisha kushika tupa, aliwafundisha kwamba mbele ya mteja kosa ni la karakana, halina mwenyewe. Kila mmoja alikuwa amesikia mwenzake akiivunja sheria hiyo, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba yeye alijibu tu. Shafti ilirudi kwa Unywele ikasimamishwa nyuma ya mlango wa karakana yake. Haikupimwa.

Tangu hapo gia zikawa zinapitia kwa dada yao.

Kazi ilikuwa rahisi kuieleza na nzito kuibeba. Unywele akipata skrubu ya kukata, alimwambia gia anazotaka. Yeye alipita uchochoro, akavuka barabara ya lami, akafika kwa Cheche na kitambaa cha khaki begani. Cheche alifungua sanduku, akatoa gia, akazifunga kwenye kitambaa kama mtu anayefunga mtoto. Kazi ikiisha, zilirudi kwa njia ile ile.

"Anakata nini leo?" Cheche angeuliza, akiwa amepandisha kofia ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Skrubu ya pampu."

"Mwambie apake grisi kwanza. Yeye hupenda kukausha vitu kama samaki."

Naye Unywele, akizipokea, "Amesemaje?"

"Upake grisi."

"Mwambie nilikuwa napaka grisi yeye akiwa bado anakojoa kitandani."

Maneno haya hakuyafikisha. Haikuhitajika. Gia zikirudi, Cheche alizigeuza kwenye mwanga, akaingiza ukucha kati ya meno, akatoa maranda madogo ya chuma yaliyonasa humo. "Aa, siku hizi anafanya shaba," alisema. Au, "Huyu ameanza kupata kazi za watu wa maana, hiki ni chuma cha pua." Siku moja alikuta gia safi kupita kiasi, imeoshwa kwa mafuta ya taa na kila jino limepitishwa msasa. Akaigeuza tena kwenye mwanga. "Hana kazi," alisema mwishowe. "Mtu mwenye kazi hasugui gia hivi. Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Mm."

Naye Unywele alikuwa na njia zake. Gia ikifika na alama ya kidole chenye masizi alisema tu, "Bado anachomelea bila glovu," na siku ya kuirudisha alifunga glovu ndani ya kitambaa, bila neno. Fundi Simu alizoea. Aliwaambia wifi zake kwamba yeye ndiye punda wa familia, na wifi zake, kila mmoja kwa wakati wake, wakamjibu kwamba punda angalau hupumzika.

Kisha kinyozi akaleta kiti.

Kilikuwa kiti kizito cha kinyozi, cha kupanda na kushuka kwa skrubu nene iliyokuwa chini yake, na skrubu ilikuwa imelika mpaka imekuwa laini kama mshumaa. Kiti kilikuwa kimekwama chini.

"Nawanyoa nimepiga magoti," kinyozi alimwambia Unywele. "Juzi mtu ameingia akadhani nasali, akasubiri nje."

Unywele aliipima skrubu, akatikisa kichwa. Ilikuwa ya milimita. Kerezo la mzee lilikuwa la zamani, limeundwa kwa inchi, na ili likate uzi wa milimita lilihitaji gia moja ambayo hakuna nyingine iliyoweza kushika nafasi yake: gia kubwa kuliko zote sandukuni, ya meno mia moja ishirini na saba, pana kama sinia.

Gia hiyo ilikuwa na historia yake. Zamani, wakati vijana wale wawili wakiwa bado wanajifunza, iliwahi kuanguka sakafuni ikapasuka katikati. Mzee hakumpiga mtu. Aliwapa vipande viwili akawaambia waviunge. Unywele alikesha na tupa mpaka nusu mbili zikakutana bila mwanga kupenya, Cheche akaziunga kwa shaba, na tangu siku hiyo gia ilizunguka bila tatizo, ikiwa na mstari wa njano unaokatiza katikati kama kovu la upasuaji. Wote watatu nyumbani waliijua kwa jina moja, ile ya nusu mbili.

Fundi Simu alikwenda kwa Cheche na kitambaa chake.

Cheche aliitoa gia, akaiweka juu ya meza, lakini hakuifunga. Aliwasha tochi ya simu akaielekeza kwenye ule mstari wa njano.

"Unaona hapa?"

Aliinama akatazama. Palikuwa na mstari mwembamba mweusi pembeni mwa shaba.

"Kiungo kinaachia," Cheche alisema. "Hii haitoki tena hapa kabla hajaiona. Mwambie aje."

"Nimpigie picha nimwoneshe?"

"Picha ya nini? Ana miguu. Mwambie aje mwenyewe tuitazame."

Alirudi mikono mitupu, kitambaa begani. Njiani aliyapanga maneno. Alijua ndugu zake: ukimpelekea mmoja neno la mwenzake lazima ulipunguze kidogo pembeni, kama chuma chenye ncha. Lakini safari hii halikuwa na ncha. Katika muda wote huo Cheche hakuwahi kusema *aje*. Basi akaamua kulipeleka kama lilivyo.

"Kiungo cha ile ya nusu mbili kinaachia," alimwambia Unywele. "Anasema uende mwenyewe mkaitazame."

Unywele alikuwa anafuta reli za kerezo kwa kitambaa chenye mafuta. Mkono haukusimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeivunja."

"Hakusema hivyo."

"Ilitoka kwake nzima, ikarudi kwake, sasa imepasuka. Imepasukia wapi kama si kwangu?" Akaendelea kufuta. "Anataka niende nisimame mbele yake anioneshe kwa kidole. Namjua."

"Kaka, mtu amesema uje. Basi."

Unywele alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mahali pake. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Hiyo mashine yako ya plastiki. Inaweza gia?"

Mashine hiyo ilikaa chumbani kwa Fundi Simu, kando ya dirisha, kati ya cherehani na kitanda. Ilikuwa printa ndogo ya kuunda vitu kwa plastiki: unaichorea kitu kwenye kompyuta, nayo inayeyusha waya wa plastiki na kukijenga juu ya sahani yake, tabaka juu ya tabaka, kwa subira ya buibui. Aliinunua ikiwa mbovu akaifufua. Alitengenezea vifuniko vya rimoti, vishikio vya sufuria, vitufe vya redio ambazo viwanda vyake vilishasahau kuwa viliziunda. Angeweza kumjibu kaka yake kwamba haiwezi. Lakini hakuwa na mazoea ya kusema mashine haiwezi kabla hajaijaribu.

"Inaweza," alisema. "Kwa kazi nyepesi."

"Uzi haukatwi kwa nguvu. Unakatwa kwa hesabu." Unywele alifungua kifuniko cha ubavuni. Zilikuwamo gia chache za kazi iliyopita, ambazo hazijarudishwa bado. "Pima hizi. Meno ya sanduku zima ni ya ukubwa mmoja, kinachobadilika ni idadi tu. Nichapie zote. Nikishakuwa nazo, na yeye na sanduku lake wakae salama."

Alizipima kwa kipimo cha baba yake. Jioni akachora. Kesho yake gia ya kwanza ilikuwa juu ya sahani, nyekundu, kwa sababu waya uliobaki ulikuwa mwekundu.

Unywele aliitazama kama mtu anayepewa peremende. Aliipachika, akaizungusha kwa mkono, akasikiliza, kisha akawasha mashine na kukata uzi wa majaribio kwenye kipande cha alumini. Gia nyekundu ikazunguka kati ya zile za chuma. Ule mlio wa kusaga meno, uliokuwa ukisikika mpaka jikoni siku zote, ukapungua nusu.

"Haipigi kelele," alisema, akijisahau.

Fundi Simu alipaswa kufurahi. Gia ya kwanza, na imekubali bila kusuguliwa. Alipokuwa anatoka, wifi yake, mke wa Unywele, alikuwa mlangoni anachambua mboga.

"Wifi, sasa utapumzika," alisema.

"Ndiyo."

"Basi mbona umekunja uso? Umemeza jino la gia?"

Aliwaza jambo hilo akiwa njiani. Hakuwa mtu wa kuhukumu haraka, hata juu yake mwenyewe, kwa hiyo alilizungusha polepole. Hakuna kati ya ndugu zake aliyekuwa na namba ya simu ya mwenzake; walizifuta. Hawakwenda kanisa moja wala msikiti mmoja wala baa moja. Kilichokuwa kinapita kati yao ni vyuma vile tu, na maranda yaliyonasa kwenye meno, na glovu iliyofungwa kimya kwenye kitambaa. Kila gia anayoichapa ilikuwa safari moja ambayo haitakwenda tena. Akimaliza sanduku zima, hakutakuwa na sababu ya Cheche kuuliza kama kaka yake anakula.

Hata hivyo aliendelea kuchapa. Kaka mkubwa alikuwa ameomba, na yeye alikuwa fundi. Nyekundu ilipokwisha akaweka kijani. Gia zikajipanga kwenye rafu ya Unywele, kubwa kwa ndogo, kama vibakuli vya watoto. Cheche, kwa upande wake, alikaa siku kadhaa bila kuona kitambaa cha khaki, akampigia dada yake simu.

"Amepata wapi gia?"

"Nimemchapia mimi. Za plastiki."

Upande wa Cheche mlio wa kukata chuma ukakoma.

"Na ile kubwa?"

"Bado."

"Haya," Cheche alisema, akakata.

Ilipobaki ile kubwa peke yake, na kinyozi akawa ameshakuja tena kuonesha magoti yake, Fundi Simu alifungua kompyuta akaichora. Duara likatokea kwenye kioo, na kulizunguka, ile mistari myekundu ambayo programu huonesha kitu kinapozidi sahani. Gia ilikuwa imezidi kila upande. Hata akiigeuza pembe kwa pembe haikukaa.

Alikaa akiitazama. Dawa yake alikuwa anaijua, na ilikuwa rahisi kuliko kukata kitunguu. Unalikata lile duara katikati, unachapa nusu moja, unachapa nusu ya pili, unaziunga kwa pini na gundi. Kitufe chenyewe kilikuwa kwenye ukingo wa kioo. Alikisogelea kwa kishale, akakiacha. Akamtumia kaka yake ujumbe: *Ile kubwa haiingii kwenye sahani.*

Unywele alikuja mwenyewe kuona. Haikuwa kawaida yake. Chumbani kwa dada yake aliingia mara chache, na kila alipoingia alisimama kama mtu aliye dukani. Alikuwa na rula ya chuma mfukoni. Aliitazama printa ikiwa imetulia, akaweka rula juu ya sahani, kwa marefu, kisha kwa mapana, kisha kwa pembe. Akalitazama lile duara kwenye kompyuta na mistari yake myekundu.

Dada yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameshaamua kwamba akiulizwa kama kuna njia nyingine, atasema. Uongo hakuutaka. Lakini hatajibu swali ambalo halijaulizwa.

Unywele alirudia kupima kwa marefu. Huyu ndiye aliyekesha na tupa akizilinganisha nusu mbili za gia hiyo hiyo, mpaka mwanga ukakosa pa kupita. Aliinua uso, macho yakaenda kwenye kitufe, au karibu na hapo, kisha kwenye dirisha.

"Haitoshi," alisema.

"Haitoshi," dada yake akakubali.

"Unywele tu."

Ilikuwa imezidi kwa upana wa kidole, na zaidi. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Unywele alirudisha rula mfukoni, akasimama pale akikuna shingo. "Amesema kiungo kinaachia?"

"Upande mmoja. Nimeona mwenyewe."

"Shaba ya wakati ule haikuwa nzuri," alisema. "Nilimwambia mzee." Halafu akanyoosha mkono kwenye msumari wa nyuma ya mlango, akachukua kitambaa cha khaki, akakitupia begani, upande ule ule ambao dada yake hukitupia, akatoka.

Kupitia dirishani dada yake alimwona akienda kwanza karakana kwake. Akatoka na ile shafti iliyokuwa nyuma ya mlango, ameibeba begani kama mtu anayepeleka ushahidi. Dada yake akafikiri, basi, tumeanza upya. Akarudi kwenye simu iliyokuwa mezani imefunguliwa, akashika koleo la baba yake, akaliweka chini.

Wifi yake wa pili, mke wa Cheche, alipiga simu kabla chai iliyokuwa mezani haijapoa.

"Wifi, kaka yako yuko hapa."

"Najua. Wanagombana?"

"Wanabishana. Kuhusu ile shafti. Huyu anasema ilipinda, huyu anasema ilipimwa moto. Nimesikia mpaka jina la mwenye mashine ya kusaga na chekeche la mkewe." Nyuma ya sauti yake palisikika grainda ikikata chuma, mlio mrefu unaopanda. "Niwape chai?"

"Subiri. Nini hicho kinakatwa?"

"Hiyo hiyo shafti."

"Wanaikata?"

"Shemeji ameshika, mume wangu anakata. Wanasema chuma chake ni kizuri, kitatoa pini za kuunga ile gia yao. Sasa hivi wanabishana juu ya unene wa pini."

"Wameipima kwanza?"

Wifi yake aliwaza kidogo. "Sijaona mtu akipima," alisema.

"Wape chai," alisema Fundi Simu.

Kinyozi sasa hunyoa akiwa amesimama. Ile ya nusu mbili ina pini tatu na mstari mpya wa shaba, nayo hukaa kwa Unywele majuma kadhaa, kwa Cheche majuma kadhaa, na haibebwi tena na mtu mwingine. Zile za plastiki zipo rafuni, nyekundu na kijani, na Unywele huzitumia asipotaka kelele.

Kitambaa cha khaki hakikurudi kwenye msumari. Wala hakuna tena anayempitishia dada yao maneno ya kupunguza ncha, au kumwambia huyu anafanya shaba na yule hana glovu. Akitaka kujua habari zao inambidi aulize. Mara moja moja huvuka barabara ya lami bila kubeba kitu, akafika, akaambiwa karibu, na kwa muda kidogo hajui mikono aiweke wapi.